Ukaguzi wa bodaboda unamlinda abiria kiasi gani?

Mkazi wa Kimara
Ndugu zangu, mwezi uliopita mdogo wangu alianguka na bodaboda Barabara ya Morogoro akiwa abiria, kichwa wazi, na hadi leo hajarudi kazini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama kwa makini namna ukaguzi unavyofanyika: dereva husimamishwa, huulizwa leseni na bima, pengine huandikiwa faini, kisha huondoka na abiria yuleyule asiye na kofia ngumu. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zipo tangu 2010, na mwaka 2019 ikaundwa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kuchukua nafasi ya mamlaka ya awali, SUMATRA, katika usafiri wa nchi kavu. Ni wapi tunapokwama?

Dereva, Mbagala
Pole sana, kaka. Mimi naendesha mwaka wa nane sasa. Wengi wetu pikipiki si zetu, ni za mkataba, na kila jioni tajiri mwenye pikipiki anasubiri hesabu yake, yaani fedha ya siku, ambayo haipungui hata mvua ikinyesha kutwa au tairi likipasuka. Ndiyo maana utamwona mtu amepakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au ameingia njia ya mabasi ya mwendokasi, ingawa hatari anaijua vizuri, kwa kuwa amekwisha kuzika wenzake. Faini ikiongezeka juu ya hesabu, anakimbia zaidi ili aifidie. Kwa maoni yangu Serikali ianzie kwenye mkataba: uandikwe, umoja wa madereva wa kituo uushuhudie, na useme wazi nani analipia breki na bima, na siku gani dereva anapumzika bila kudaiwa.

Kofia ya pili ninayo, lakini abiria wengi huikataa kwa sababu ya jasho la aliyetangulia, na akina dada kwa sababu ya misuko yao. Siwalaumu. Siku hizi nabeba vitambaa safi vya kuvaa ndani ya kofia, na wanaokubali wameongezeka.

Muuguzi
Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kifo kwa takribani asilimia 42 na wa majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Nasisitiza neno sawasawa, kwa sababu kofia ambayo mkanda wake haukufungwa kidevuni huchomoka kabla kichwa hakijagonga lami. Ningefurahi kuona askari akikagua mikanda hiyo miwili, wa dereva na wa abiria, kabla ya kuomba karatasi yoyote.

Mkazi wa Kimara
Nashukuru. Suala la mikataba nitalifikisha kwenye mkutano wa mtaa wetu. Ndugu dereva, wamiliki wa hapo kituoni kwenu wangekubali kutia saini?