SSD ya 4TB kwa kompyuta ya nyumbani: naikaguaje kabla ya kulipa?

Picha_Njiro (Arusha)

Wakuu, habari za majukumu. Nina Dell OptiPlex 7010, ile ya kesi kubwa, i5 ya kizazi cha 3, Windows 10. Picha na video za mbugani zimefika karibu 2.5TB na zimetapakaa kwenye HDD (diski za kuzunguka) mbili. Nataka zote zikae kwenye SSD (diski ya chipu) moja ya 4TB. Hapa mjini kuna Samsung 870 QVO iliyotumika, Samsung 870 EVO mpya ambayo lazima iagizwe Kariakoo ije kwa basi, na SSD ya nje isiyo na jina, imeandikwa 16TB, bei yake haifiki hata nusu ya EVO. Nikague nini? Na tofauti ya QVO na EVO inaonekana wapi kwenye kazi?

Fundi_Sakina

Hiyo ya 16TB iache hukohuko dukani. SSD za nyumbani za inchi 2.5 na za M.2 (vijibao vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama) zinaishia 8TB, na hizo zenyewe ni ghali. Ndani ya makasha ya bei poa mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu na chipu iliyochezewa ili itangaze ukubwa wa uongo. Ukipita ukubwa halisi, data mpya inafuta ya zamani au inapotea tu. Majina ya faili unaendelea kuyaona, ila picha hazifunguki, na wakati huo kadi ya kamera umeshaifuta.

Sasa QVO na EVO. Zote ni SATA (zinatumia waya wa kawaida wa diski), zinasoma kwa takriban 560 MB/s, kwa hiyo kufungua na kuhariri hutaona tofauti. Tofauti iko kwenye kuandika. QVO ni QLC, seli moja inabeba biti 4. EVO ni TLC, biti 3. QVO ya 4TB inaanza na 530 MB/s, lakini kache yake (eneo la kuandikia haraka) ya 78GB ikijaa inashuka hadi 160 MB/s. Tena 72GB kati ya hizo zinaazimwa kutoka kwenye nafasi iliyo wazi, kwa hiyo diski ikikaribia kujaa, kache nayo inapungua. EVO haishuki hivyo.

Kwa kazi yako lakini, kisomaji cha kadi cha 90 MB/s hata hiyo 160 hakifikii. Utaumia siku ya kuhamisha 2.5TB kutoka SSD nyingine, au ukitoa video kubwa mfululizo. Kama ni ghala la picha, QVO inatosha kabisa. Kama Windows na uhariri vyote vitakaa humo, agiza EVO.

Suala la kuchakaa linatishia watu kuliko linavyostahili. QVO ya 4TB ina kiwango cha kuandikiwa cha TB 1,440. Ukiandika 50GB kila siku ni kama TB 18 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe.

Kiboriloni_PC (Moshi)

Naongezea upande wa ukaguzi, maana QVO imeshatumika.

Omba ichomekwe kwenye kompyuta ya duka, ufungue CrystalDiskInfo (programu ya kuonyesha afya ya diski). Badilisha namba ghafi zisomwe kwa desimali, la sivyo utasoma heksadesimali (namba za msingi wa 16) na kudanganyika. Angalia jumla ya data iliyoandikwa na saa ilizowashwa. Kisha mistari mitatu kwa namba yake: 5 (sehemu zilizobadilishwa; humo ni 05), 187 (makosa yasiyorekebishika; humo ni BB), 199 (makosa ya mawasiliano; humo ni C7). Ya 5 au 187 ikiwa juu ya sifuri, mimi siichukui kwa bei yoyote. Ya 199 mara nyingi ni waya mbovu wa SATA. Badilisha waya, andika faili kubwa, uone kama namba inaongezeka.

Jaribio la uhakika ni kuijaza yote kwa H2testw (programu ya kupima ukubwa halisi), halafu iisome tena ilinganishe. QVO tupu inakula karibu saa 7 kuandika na 2 kusoma. EVO ni kama 4 kwa jumla. Usifanye kupitia USB 2.0, kuandika peke yake kutapita saa 30.

Picha_Njiro

Nashukuru sana wakuu. Saa 9 dukani haiwezekani. Halafu nimesikia mashine za zamani hazioni zaidi ya 2TB, ni kweli? Na je, niruke SATA niweke NVMe (SSD za kasi zaidi zisizotumia waya wa SATA)?

Kiboriloni_PC (Moshi)

Kwa muda: dai risiti ya EFD (mashine ya kodi), na iandikwe namba ya diski pamoja na ruhusa ya kuirudisha ndani ya siku tatu. Ukapime nyumbani usiku. Muuzaji akikataa kuandika, jibu umepata.

Fundi_Sakina

Kikomo cha 2TB ni cha jedwali la MBR (mfumo wa zamani wa kugawa diski). Ukiona Windows inaonyesha 2048GB na nyingine 1678GB haitumiki, ndicho hicho. Dawa ni kuibadilisha iwe GPT, mfumo mpya. Fungua diskpart (programu ya amri ya Windows): `list disk`, `select disk` na namba yake, `clean`, `convert gpt`. Hakiki namba kwa kuangalia saizi, maana `clean` inafuta jedwali bila kuuliza mara mbili. Kuwasha Windows kutoka GPT kunahitaji UEFI (aina mpya ya BIOS, programu inayoiwasha mashine), na 7010 inayo. 3.63TB utakayoona ni sahihi, hujaibiwa; Windows inahesabu kwa 1024.

NVMe: 7010 haina soketi ya M.2. Kadi ya adapta kwenye PCIe (nafasi ya kadi za nyongeza) inafanya kazi kama diski ya data, ila BIOS yake haiwashi Windows kutoka humo. Kwa ghala la picha SATA inatosha. Chomeka kwenye SATA0 au SATA1, ndizo za 6 Gb/s. Nyingine ni nusu ya hapo.

Umeme_Rau (Moshi)

Msisahau umeme. SSD hizi hazina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo UPS, hata ya 650VA, iwepo. Na hizo HDD mbili usiziuze, ziwe nakala ya pili. Kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya vifaa hivi) kwa SSD ya nyumbani iliyofikia mwisho wa uandishi wake ni kushika data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi 30. Kwa ya kwako ambayo bado changa ni zaidi, lakini SSD si kitu cha kufungia kabatini miaka. HDD moja ikae nyumba nyingine kabisa.