Zeituni imekuwa ghali: ni mafuta gani yanayoweza kushika nafasi yake jikoni?

Jirani wa Buruburu

Wanajumuiya, hamjambo. Kwa miaka minne sasa nyumba yangu imekuwa ikipikia mafuta ya zeituni, si kwa kujionyesha bali kwa sababu daktari alimtaka mume wangu aachane na mafuta ya mgando baada ya kipimo cha kolesteroli kutoka kibaya. Tulipoanza, chupa ya nusu lita iliingia kikapuni bila mjadala. Siku hizi fedha za chupa hiyo moja zinaninunulia zaidi ya lita tatu za mafuta ya kawaida, nami nina watu watano wa kulisha, sukuma wiki ya kila jioni, na mama mkwe anayeamini kwamba mchuzi usiong'aa haujaiva. Nimejikuta nikimimina zeituni kwa kijiko kama mtu anayempa mtoto dawa ya kikohozi.

Ninaomba tulinganishe mafuta mengine yanayopatikana hapa Nairobi. Ninatazama mambo matatu: bei, afya ya moyo, na ladha isiyowafukuza watoto mezani. Nimefikiria parachichi, alizeti, mahindi, kanola na simsim. Mawese sikuyaweka kwenye orodha kwa kuwa nimesikia mabaya mengi juu yake. Mngechagua yapi, na kwa sababu gani?

Muuza Duka, Ngara

Dada yangu, nianze na bei, maana hiyo ninaijua kuliko afya. Uhispania pekee hutoa karibu asilimia 40 ya mafuta ya zeituni ya dunia katika mwaka wa kawaida, na eneo linaloongoza ni Jaén, kusini mwa nchi hiyo. Mvua zilikosekana huko misimu miwili mfululizo, na joto kali likaja wakati miti inachanua, maua yakapukutika kabla ya kushika tunda. Nchi iliyokuwa imekamua karibu tani milioni 1.5 katika msimu wa 2021/22 iliambulia tani 665,000 hivi msimu uliofuata. Bei ya jumla ilifika kileleni Januari 2024, na hapo sisi wa huku tuliumia zaidi ya wengine, kwa sababu mwezi huohuo dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Aliyeagiza shehena wakati huo alinunua kitu kilichopanda kwa fedha iliyoshuka.

Mavuno ya 2024/25 yalirudi kwenye tani milioni 1.4 hivi, shilingi nayo ikatulia karibu na 130 kwa dola, na bei za jumla kule zikashuka sana. Rafuni mambo hayaendi kwa kasi hiyo, kwa kuwa mwenye duka humaliza kwanza akiba aliyoinunua ghali ndipo aagize nyingine. Sikatai kwamba wapo wanaochelewesha makusudi, hasa wanapoona mteja amekwisha kuizoea bei ya juu.

Hata hivyo, usidhani kwamba ukihama utakuwa umeikimbia misukosuko ya dunia. Mawese yetu huagizwa zaidi kutoka Malaysia na Indonesia, na Indonesia ilipozuia mauzo yake ya nje kwa wiki tatu na ushei kuanzia tarehe 28 Aprili 2022, wateja wangu waliisoma habari hiyo kwenye bei ya mtungi. Alizeti nayo ilitikiswa mwaka huohuo na vita vya Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza kwa kuuza mafuta hayo nje. Na hapa nyumbani, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya mimea kabla mswada wenyewe haujaondolewa mwezi Juni.

Mwalimu wa Kemia, Kasarani

Nadhani swali la mafuta yapi badala ya zeituni linaunganisha kazi mbili ambazo chupa moja ilikuwa ikizifanya, na ndiyo maana majibu yake hugongana kila yanapotolewa.

Kazi ya kwanza ni kuliwa yakiwa mabichi au kunyunyiziwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Hapo zeituni ya daraja la juu, ile inayoandikwa "extra virgin", ina kitu ambacho wengine hawana: hukamuliwa kwa mashine bila kemikali, asidi yake huru haipaswi kuzidi asilimia 0.8, na hubakiwa na harufu, uchungu kidogo wa kooni, na viini vya mmea vinavyohusishwa na manufaa yake kwa mwili. Kazi ya pili ni kukaanga kitunguu, na kwa kazi hiyo unalipia harufu inayopaa pamoja na mvuke. Ukiwa umenunua zeituni iliyosafishwa kiwandani, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu umelipa bei ya zeituni ukapata mafuta ambayo sehemu kubwa ya vile viini imekwisha kuondolewa. Chupa iliyoandikwa "pomace" hutokana na makapi yanayobaki baada ya ukamuaji, nayo hutolewa kwa viyeyushi. Si sumu, lakini isiuzwe kwa heshima ya ile ya daraja la juu.

Kwa muundo wa mafuta yenyewe, jamaa wa karibu wa zeituni ni mawili. Zeituni ina takriban asilimia 73 ya mafuta ya jamii ya oleiki, yaani yenye kiungo kimoja kisichoshiba. Parachichi lina karibu 70, kanola 63. Kanola ina sifa nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba mafuta yaliyoshiba (yale yanayopandisha kolesteroli) ndani yake ni asilimia 7 tu, nusu ya yale ya zeituni, na hulimwa hata kwetu, huko Timau. Alizeti ya kawaida na mahindi ni ukoo mwingine: sehemu kubwa ni mafuta yenye viungo vingi visivyoshiba, ambayo husaidia kushusha kolesteroli yakichukua nafasi ya mafuta ya mgando, ila huharibika upesi zaidi yakichemshwa mara kwa mara. Kwa sukuma wiki yako hilo lisikutie hofu, maana sufuria ya mboga haifiki joto la kutoa moshi isipokuwa mpishi ameisahau akaenda kupokea simu.

Bintiye Lamu, South B

Mimi nitaitetea simsim. Kwetu pwani, kabla ya mitungi ya plastiki, mafuta ya uto yalikuwa ni haya haya ya ufuta, yakikamuliwa kwa kinu kinachozungushwa na ngamia. Kwa hiyo ninapowaona watu wa Nairobi wakiyaita mafuta ya kigeni huwa ninatabasamu. Nenda Eastleigh, uulize wanaoyakamua au wanaoyapima kwa chupa, kwa kuwa majirani zetu Wasomali hawajawahi kuyaacha.

Ladha yake ni nzito, na ndiyo sababu hayafai kumiminwa kama zeituni. Kijiko kimoja juu ya kachumbari, au juu ya mchicha ulioepuliwa, kinatosha sufuria nzima, na kwa hesabu hiyo bei yake inavumilika hata kama lita moja si rahisi. Usiyachanganye na yale meusi ya madukani yanayokamuliwa kutoka mbegu zilizokaangwa, ambayo wenyewe huko Asia Mashariki huyatumia kama kiungo. Na kama kuna mtoto mwenye mzio wa ufuta, sahau yote niliyosema.

Mkulima wa Wikendi, Kahawa

Ninashangaa kwamba tunazungumzia Uhispania ilhali Murang'a ni mwendo wa saa moja na nusu. Wazazi wangu wana miti ya parachichi, aina za Hass na Fuerte, na tunda lisilofikia daraja la kusafirishwa nje, kwa udogo au kwa doa kwenye ganda, ndilo linalopelekwa kwenye viwanda vya kukamua. Mafuta yake hayana ladha inayogombana na chakula, na yakisafishwa huvumilia joto la nyuzi 270 hivi, kiwango ambacho hakuna mafuta mengine ya jikoni yaliyotajwa hapa yanayokikaribia. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo huuzwa nje, na chupa inayobaki hapa huwekwa bei kana kwamba nayo imepanda ndege ikarudi. Ninaamini wananchi tukiyadai, bei itashuka.

Mwalimu wa Kemia, Kasarani

Ndugu Mkulima, sipingani nawe kuhusu tunda, ila nina tahadhari kuhusu chupa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walipima sampuli 22 za mafuta ya parachichi yaliyokuwa yakiuzwa Marekani, wakakuta kwamba angalau asilimia 82 yalikuwa yameharibika kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi au yamechanganywa na mafuta mengine. Hayo ni ya Marekani na siyahamishii kwa wakamuaji wetu, lakini yanaonyesha jinsi bei ya juu inavyomvutia mchanganyaji. Ninunuapo mimi, ninatafuta tarehe ya kukamuliwa, chupa ya rangi nzito, na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Yasiyosafishwa yanapaswa kuwa ya kijani. Yakiwa hafifu kama maji ilhali chupa inadai hayajasafishwa, ninarudisha rafuni.

Mama Chapati, Kawangware

Mimi ni mtu wa karai, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Mnayoyasema ya alizeti ni kweli: niliyajaribu kwenye mandazi, na kufikia siku ya tatu yalikuwa yanatoa povu na harufu ya rangi ya nyumba. Mawese hayanisumbui hivyo. Asubuhi ninayachuja kwa kitambaa, na yakianza kuwa meusi au mazito ninayamwaga, hata kama moyo unauma. Kwa chapati za nyumbani, zinazopakwa kijiko kwa kijiko, mafuta yoyote yatakufaa. Wala usinunue ya kupima kwa anayeyaweka mtungi wazi juani, hata akikuongezea.

Afisa Lishe, Lang'ata

Ninafurahi kwamba mawese yametajwa na mtu anayeyatumia, kwa sababu yanahukumiwa bila vipimo. Tuvichukue vijiko viwili vya mezani, takriban gramu 27. Katika zeituni mtu anapata gramu 4 hivi za mafuta yaliyoshiba, katika kanola gramu 2, katika mawese gramu 13, na katika mafuta ya nazi karibu gramu 22. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22 kwa siku nzima, pamoja na zile za maziwa na nyama. Hapo utaona kwamba nazi, pamoja na sifa zote inazopewa mitandaoni, ingemmalizia mume wako fungu lake kabla hajagusa kipande cha mbuzi. Mawese si adui wa familia nzima. Pia, tangu 2012 sheria yetu inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, jambo la maana kwa watoto. Ila kwa mgonjwa wa kolesteroli, si chaguo langu la kila siku.

Kuhusu zeituni yenyewe, watu hunukuu jaribio maarufu la Uhispania, PREDIMED, lililochapishwa mwaka 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya kasoro za mgawanyo wa washiriki kurekebishwa. Lilihusisha watu zaidi ya 7,000, na waliopewa zeituni ya daraja la juu walipata maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache zaidi. Lakini watu hao walikuwa wakila pia mboga, maharagwe, samaki na matunda. Zeituni iliyomiminwa juu ya chipsi haikuchunguzwa.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: kijiko kimoja cha mafuta yoyote yale kina kilokalori 120 hivi. Kama nyumba ya watu watano inamaliza lita nzima kwa wiki, ningeanza na wingi kabla ya aina, na mama mkwe asamehe.

Muuza Duka, Ngara

Nyongeza ndogo kwa wasomaji wengine: chupa nyingi zinazosema tu kwamba ni mafuta ya mimea, bila kutaja mmea, ni mawese yaliyochujwa. Geuza chupa usome maandishi madogo. Anayetaka mahindi atafute palipoandikwa mahindi, mfano Elianto, na ajue kwamba atalipa zaidi.

Jirani wa Buruburu

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kukawia kujibu, kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Nimenunua lita mbili za kanola kwa mapishi ya kila siku, na kwa siku kumi hakuna aliyeuliza kitu, jambo ambalo nyumbani kwangu ni sifa kubwa. Chupa ndogo ya zeituni nimeibakiza kwa saladi na kwa parachichi la Jumapili, nayo kwa matumizi hayo itapita mwezi mzima. Bila kukaangia, hata ile bei haijanichoma kama zamani. Parachichi la chupani nimeliacha mpaka bei ilingane na umbali wa Murang'a. Mawese nimeyaruhusu kwa mandazi ya likizo peke yake, na mume wangu ameahidi kula mawili, ahadi ambayo tutaiona.

Simsim ndiyo iliyozua kisa. Nilitia kijiko kwenye mchicha, mama mkwe akanyamaza, akala, kisha akauliza ni nani aliyenifundisha kupika kama watu wa pwani. Hakusema lolote kuhusu mng'ao. Sasa Bintiye Lamu, nisaidie: chupa niliyopimiwa Eastleigh ni ya plastiki nyeupe, na ninaona masimbi chini. Je, yameharibika?

Bintiye Lamu, South B

Hayajaharibika. Masimbi hayo ni vumbi la mbegu kwa kuwa hayakuchujwa sana. Yaache yatulie siku mbili, uyamimine polepole kwenye chupa ya kioo yenye rangi, uyafunge, uyaweke kabatini mbali na jiko, si pale dirishani ambapo wengi huyaweka. Yakinuka kama karanga zilizooza, hapo ndipo yamekwisha. Na umsalimie mama mkwe.