Nilihamisha krediti nikiwa mwaka wa pili anthropolojia, sai jina langu halipo kwa orodha ya kuhitimu. Nifanye aje?

MtafitiMdogo:

Wadau habari za jioni. Naomba mnisomee yote hata kama ni ndefu, nimekaa na hii kitu wiki mbili na usingizi umeisha.

Niko mwaka wa nne, anthropolojia (somo la watu na mila zao), chuo kimoja hapa Nairobi. Sikuanzia hapa, KUCCPS, wale wanaogawa wanafunzi vyuoni, walikuwa wamenipeleka chuo cha mbali huko magharibi, koso ni hiyo hiyo, nikasoma mwaka mzima na semista moja juu, halafu mamangu akawa mgonjwa ikabidi nirudi Nairobi nikae karibu naye. Nikahamisha krediti, yaani yuniti nilizopita huko zihesabiwe huku. Nikapewa barua kwamba nitaingia mwaka wa pili semista ya pili, nikajua basi hiyo stori imeisha. Kumbe.

Juzi orodha ya muda ya wanaohitimu ikabandikwa kwa ubao wa idara. Nimeipitia na kidole kutoka juu hadi chini mara tatu, jina halipo. Nikaenda kwa karani wa mitihani akafungua transkripti yangu kwa kompyuta, akageuza skrini nione mwenyewe: mistari miwili iko wazi, haina maksi. Mbinu za Utafiti na Utangulizi wa Akiolojia. Zote nilifanya chuo cha kwanza nikapita, ya utafiti nilipata B! Anasema faili yangu ilikuja na transkripti pekee bila silabasi, kwa hivyo hawakuweza kujua kama nilichosoma huko kinalingana na cha kwao, wakaiweka kando wakisubiri nilete. Hakuna mtu aliniambia. Miaka miwili na nusu.

Na projekti nimemaliza. Nilikaa soko la Gikomba miezi mitatu na kina mama watano wanaochanga kununua bale moja ya mitumba, nikaandika venye wanagawana, nani anachagua kamera (zile nguo safi kabisa) kwanza na nani anaachiwa fagia (zile mbovu za mwisho), na venye zamu inazunguka ili hakuna mtu abaki na fagia wiki mbili mfululizo. Supavaiza amesaini. Yaani utafiti wangu umekubaliwa lakini yuniti ya kufundishwa utafiti ndio haihesabiki.

Sasa nijisajili kurudia zote mbili, ambayo ni mwaka mwingine wa karo na nyumba, ama nipiganie hizi nilizofanya? Mama hajajua bado.

KijanaWaUmoja:

Pole sana dada. Kitu moja tu, usilipie kurudia leo wala kesho. Ukishajisajili utakuwa kama umekubali mwenyewe kwamba hukuwahi kuzifanya.

KomrediMstaafu:

Dada, nimefanya kazi ofisi ya usajili miaka kadhaa, na kesi yako si mpya. Chuo cha kwanza hakikukukosea maksi na cha pili hakijakataa, faili ndio ilikwama katikati. Cha kwanza ujue hii: CUE, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanaruhusu krediti za kuhamisha zisizozidi asilimia 49 ya yuniti za msingi za koso. Wewe umeleta semista tatu kati ya nane, kwa hivyo mtu asikutishe ati umevuka kiwango.

Unachotafuta ni silabasi za hizo yuniti mbili, na ziwe za mwaka ule ule uliosoma wewe, si za sasa maana huwa wanabadilisha. Zipigwe muhuri na idara ya zamani kila ukurasa. Ongeza transkripti rasmi, nakala ya ile barua ya kukubaliwa, halafu uandike barua kwa mwenyekiti wa idara na nakala kwa msajili wa masuala ya taaluma. Usitume kwa emeili pekee. Beba nakala mbili kwa mkono, ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo karatasi ndio itakuokoa mtu akisema hakuiona. Mwenyekiti atampa mwalimu wa yuniti alinganishe mada kwa mada, ikitoka hapo inaenda bodi ya kitivo halafu seneti. Seneti ndio inapitisha majina ya mahafali, kwa hivyo uliza leo bodi inakaa lini. Hiyo tarehe ni muhimu kuliko kila kitu nimeandika hapa.

MamaWaMapacha:

Mkuu amesema vizuri ila nitaongeza ukweli kidogo. Mimi nilihamisha, tatu zikapita moja ikakataliwa, kwa sababu kwetu ilifundishwa kama historia na huku wanataka vipimo vya mawe na tabaka za udongo. Hiyo akiolojia yako inaweza kwenda hivyo. Ile ya utafiti ipiganie hadi mwisho. Na mwambie mama. Usibebe hii pekee yako.

Fomu4_2024:

Samahani kuingilia uzi wa dada. Nina C+ na nataka hii koso lakini nimepelekwa koso ingine, na mzee anasema anthropolojia haina kazi. Naweza hama?

KomrediMstaafu:

C+ ndio kiwango cha chini cha kuingia digrii, hapo uko sawa. Subiri KUCCPS wafungue dirisha la kuhama, uombe kwa potali yao, lakini lazima uwe ulifikisha pointi za klasta (zinazohesabiwa kwa masomo ambayo koso inataka) za hiyo koso kwa mwaka wako, hapo ndio wengi huanguka. Ukikubaliwa waarifu HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mapema, la sivyo pesa itaenda chuo ulichotoka. Na mzee mwambie Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia London kwa Malinowski, profesa mkubwa wa hiyo fani. Mwambie pia Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, madaktari walihitaji wanaanthropolojia wa kuongea na familia juu ya kuzika salama bila kuvunja mila zao.

MtafitiMdogo:

Nimerudi jamani. Nilipanda gari ya usiku nikafika chuo cha zamani kabla ofisi zifunguliwe. Lekchara wangu wa utafiti bado yuko, alikuwa na silabasi ya mwaka wetu kwa fleshi, akaiprinti mwenyewe na tukaenda naye kupigwa muhuri. Barua ilipokelewa siku mbili kabla idara ikae. Mbinu za Utafiti imekubaliwa na B yangu!! Akiolojia imekataliwa venye MamaWaMapacha alisema, wameniruhusu nifanye mtihani kwenye kikao kijacho bila kurudia darasa, nikipita nitaingia mahafali ya mwisho wa mwaka na wenzangu. Mama nimemwambia, amelia kidogo halafu akauliza mtihani ni lini.

Kuna mtu ako na notsi za akiolojia, hasa ile saiti ya Olorgesailie?

KijanaWaUmoja:

Nko nazo, nitumie ujumbe inbox. Lakini Olorgesailie nenda pia, ni barabara ya Magadi, asubuhi unaenda jioni umerudi. Kuna daraja la mbao unatembea juu yake, na chini mashoka ya mawe yamelala mengi vile vile yalivyopatikana. Ukiyaona hutayasahau kwa mtihani.