Kamashine ka hewa kanasema kwangu nyumbani ni kubaya kuliko Kondele, nikaamini?

nduthi_kondele: Wadau habari zenu. Mimi ni wa nduthi (bodaboda) hapa Kisumu, stage ya Kondele, na kikohozi hakiniishi tangu mwaka jana, sasa binamu yangu akanipatia kamashine ka kupima hewa, unakabana kwa kola kanatuma namba za PM2.5, vile vichembe vidogo sana vya moshi na vumbi, kwa simu. Nimekaa nako siku nne. Nikiwa nyuma ya lori kanasoma 60, 80 hivi halafu kanashuka, lakini jioni nikifika home nipate wife anawasha jiko la makaa, 400 na kitu! Na asubuhi nikipeleka mteja Dunga kukiwa na ukungu kanasema 120 na moshi sioni. Shirika la Afya Duniani wanasema isizidi 15. Sasa mimi ni maiti ama kameharibika?

fundi_sensa: Omera bado uko. Hiyo 15 ni wastani wa saa 24, si ya dakika moja, na ya mwaka mzima ni 5 (waliishusha 2021, kitambo ilikuwa 10). Angalia wastani wa siku nzima kwa app. Ya Dunga ni ukungu tu, ndani ya hako kadude kuna feni inavuta hewa na taa ya leza, chembe zikipita zinatawanya mwanga na ndio kanahesabu, sasa tone la maji nalo linatawanya, hakajui tofauti. Ya jikoni ndio ningeiogopa.

jamaa_wa_kibuye: Rudisha hiyo kitu. Saa yangu ya mkono inaonyesha hewa ya Kisumu ni nzuri kutwa nzima

fundi_sensa: Saa yako haipimi hewa buda, inavuta makadirio ya mji mzima kwa intaneti. Unaweza kaa kando ya karai la mgongo wazi (mifupa ya samaki ya kukaanga) pale Obunga macho yakitiririka na saa ikuambie nzuri.

mama_wa_nax: Mimi niko Nakuru, huku vumbi tunalijua. Lakini kaka, wewe unaingia jikoni nusu saa unakuja kulia huku, aliye hapo tangu chai ya asubuhi ni nani? Mpe mkeo akavae siku moja. Halafu hako kanaona chembe peke yake, kaboni monoksidi hakaoni na pua pia haiisikii, kwa hivyo msilale na jiko ndani eti namba imeshuka. Na kikohozi cha kutoka mwaka jana enda hospitali upimwe TB, hicho hakipimwi kwa kola

nduthi_kondele: Asante mama, kesho naenda hosi. Jana nimembania wife kwa leso akashinda nako. Mchana kumetulia, 30, 40, kupanda kabisa ni wakati wa kuwasha, makaa yakishashika nyekundu namba inashuka yenyewe. Nikatoka niangalie anawasha na nini. Jameni, mifuko ya nailoni! Si ilipigwa marufuku 2017, anaitoa wapi? Kumbe ako na furushi zima chini ya kitanda, na nikiuliza ananiambia nilete mafuta ya taa basi.

jamaa_wa_kibuye: 😂😂 wacha kumsumbua, lete mafuta

mama_wa_nax: Mafuta nayo ni moshi tu. Alete vijiti vikavu na awashie nje