Ushauri: skana ya mkononi ya bei nafuu kwa kusikiliza ndege na meli

Sikio_Pevu

Wakuu, habari za humu. Nataka kuanza kusikiliza mawasiliano ya redio kama burudani, na bajeti yangu ni ndogo. Kwa mpangilio wa umuhimu nataka kusikia: ndege na waongozaji wake, meli na bandari, kisha wapenda redio wenye leseni kwenye bendi za mita 2 na sentimita 70.

Nimebakiwa na machaguo manne: skana mbili (vipokezi vinavyopita chaneli moja baada ya nyingine vikitafuta anayeongea), yaani Uniden BC75XLT na Uniden BC125AT, redio ya upepo Baofeng UV-5R (ndiyo rahisi kuliko zote), na kile kidude cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ili programu ifanye kazi ya redio.

Maswali yangu: UV-5R ina uwezo wa kuskani, kwa nini nisiichukue hiyo na kuokoa pesa? Na je, nijibane nisubiri hadi nifikie skana ya dijitali? Majibu ya kina tafadhali, hata yakiwa marefu nitasoma yote.

Fundi_Antena

Mkuu, umefanya jambo la maana kuorodhesha unachotaka kusikia kabla ya kutaja mashine. Orodha hiyo ndiyo inayochagua skana.

Tuanze na UV-5R, maana inawaangusha wengi. Ndege za kiraia huongea kati ya 118 na 137 MHz kwa AM. UV-5R huanza kupokea mawasiliano kwenye 136 MHz, na kwa FM tu. Hapo kipaumbele chako cha kwanza kimekufa. Na si suala la kuongeza antena: kipokezi cha FM hukata kwa makusudi mabadiliko yote ya nguvu ya wimbi ili kuondoa makelele, na kwenye AM sauti imebebwa na mabadiliko hayohayo. Kwa hiyo hata ukiipata ndege kwenye kingo ya bendi, utasikia ukimya au mkwaruzo.

Pili ni kasi. Redio za upepo huskani chaneli chache tu kwa sekunde. Tuseme tatu. Orodha ya chaneli 40 itachukua sekunde 13 kuzungukwa, na rubani anamaliza kusoma maelekezo kwa sekunde nne au tano. Utakuwa unafika kila mara akishamaliza. Skana halisi hupita makumi ya chaneli kwa sekunde moja.

Tatu, UV-5R ina kitufe cha kurusha. Ukikibonyeza mfukoni ukiwa kwenye chaneli ya watu, umewaingilia, na bila leseni hilo ni kosa.

Sasa hizo Uniden mbili. BC75XLT ina chaneli 300 na hupokea 25–54, 108–174 na 406–512 MHz. BC125AT ina chaneli 500, inaongeza 225–380 MHz (ndege za kijeshi huongea humo), inaonyesha majina ya chaneli kwenye kioo na inasoma CTCSS na DCS (toni na misimbo isiyosikika inayotenganisha makundi yanayotumia chaneli moja). Ulaya BC125AT huuzwa kwa jina la UBC125XLT. Zote mbili zina bendi ya ndege kwa AM na bendi ya meli kwa FM.

Ushauri wangu: ukiweza, BC125AT. Majina kwenye kioo si urembo. Ukiwa na chaneli 80, namba 123.7 peke yake haikuambii kama unasikia mnara wa uwanja au waongozaji wa ndege zilizo njia za juu. Bajeti ikigoma, chukua BC75XLT na kinachobaki weka kwenye antena. Kwa ndege za kiraia na meli hutajuta.

Kitufe_Kimoja

Kwenye redio za upepo za bei ya chini, Quansheng UV-K5 hupokea AM kuanzia 108 MHz. Lakini AM yake huchafuka haraka ishara ikiwa kali, na kitufe cha kurusha kipo palepale. Ya pili kuwa nayo, sawa. Ya kwanza, hapana.

Nahodha_Nchi_Kavu

Naongezea upande wa meli, kwa sababu kuna mtego humo.

Chaneli 16 ni 156.800 MHz, ya kuitana na ya dharura. Hiyo iweke kwanza. Usiingize bendi yote ya baharini kwa mkupuo. Chaneli 70 (156.525 MHz) ni ya wito wa kidijitali, na 161.975 na 162.025 MHz ni za AIS, yaani meli zikitangaza mahali zilipo. Skana itasimama kila baada ya sekunde chache ikikutolea mlio kama wa kupasua karatasi.

Mtego mkubwa zaidi ni chaneli za masafa mawili. Kwa mfano chaneli 26: meli hurusha kwenye 157.300 MHz na kituo cha pwani hujibu kwenye 161.900 MHz. Tofauti ni 4.6 MHz. Ukiweka moja tu utasikia mtu anajibu maswali yasiyosikika na utadhani skana ni mbovu. Weka zote mbili, chaneli mbili zinazofuatana, ili skana iruke haraka kutoka moja kwenda nyingine.

Binti_Mawimbi

Fundi ameipita RTL-SDR kimyakimya. Kwa mwenye kompyuta tayari, kile kidude kina thamani kubwa kuliko kinavyoonekana. Kinaonyesha upana wa kama 2.4 MHz kwa mara moja kwenye picha inayoteremka, hivyo unaona kwa macho nani anarusha na wapi. Skana ya mkononi inagusa masafa moja baada ya jingine. Hiki kinatazama uwanja mzima.

Mipaka yake: si cha kutembea nacho kwa raha, na kwa kuwa kinapima kwa biti 8 tu, kituo cha redio ya FM kilicho jirani kinaweza kukilemea. Kwa hiyo kitumie kutafuta masafa yaliyo hai, halafu yaingize kwenye skana.

Sikio_Pevu

Asanteni sana wadau. UV-5R naitoa. Bado mawili: la dijitali, na antena. Kuna muuzaji anasema ana skana "inayofungua chaneli zilizofungwa".

Mzee_wa_Desibeli

Huyo muuzaji mkimbie. Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Dijitali maana yake ni sauti iliyogeuzwa kuwa data, na mifumo yake ni kama P25, DMR, NXDN na TETRA. Skana yenye kisomeo cha mfumo husika inaweza kuirudisha kuwa sauti. Uniden SDS100 kwa mfano husoma P25 kama ilivyo, na DMR baada ya kulipia nyongeza. TETRA haisomi. Kwa hiyo hata "skana ya dijitali" si jibu mpaka ujue ni dijitali ipi inayotumika.

Usimbaji ni kufuli juu ya data hiyo. Hakuna skana ya dukani inayofungua usimbaji, na kujaribu kuuvunja ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Kwa orodha yako hakuna haja. Sauti za ndege ni AM ya analogia (yaani ya kawaida, isiyo data) na za meli ni FM ya analogia duniani kote, kwa sababu redio ya chombo cha nchi moja lazima isikike kwenye nchi nyingine. Wapenda redio wana dijitali zao, lakini FM ya kawaida haijaondoka.

Kabla ya kulipa, soma sheria ya mawasiliano ya nchi yako. Kuna nchi kusikiliza ni ruksa ila kusambaza ulichosikia ni kosa, kuna nchi kumiliki tu kunahitaji kibali. Kanuni za Redio za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kifungu cha 17, zinazitaka nchi wanachama zizuie usikilizaji usioidhinishwa wa mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Hili lichukulie kwa uzito.

Fundi_Antena

Kwenye antena sasa, na hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa.

Kijiti cha mpira kinachokuja na skana ni kifupi kwa sababu ya mfuko, si kwa sababu ya mawimbi. Urefu wa robo wimbi unaupata hivi: gawa 71 kwa masafa ya MHz, jibu ni mita. Ndege (125 MHz) inakuja kama sentimita 57. Meli (157 MHz) sentimita 45. Bendi ya sentimita 70 (435 MHz) sentimita 16. Antena ya kuvuta inatosha kabisa: ivute hadi urefu wa bendi unayosikiliza, usiivute yote kila mara. Skana hizi zina konekta ya BNC, kwa hiyo kubadilisha ni robo mzunguko tu. Ila antena ndefu ni wenzo. Ukiiangusha skana, konekta ndiyo inayovunjika.

Halafu kimo. Mawimbi haya husafiri karibu kama macho yaonavyo. Upeo kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Ndege iliyo mita 10,000 juu ina upeo wa kilomita 412, hivyo unaisikia hata na kijiti cha mpira. Antena ya mnara iliyo mita 30, na wewe umeshika skana mita 2 kutoka ardhini, jumla ni kilomita 28 hivi. Ndiyo maana mtu anamsikia rubani vizuri na hamsikii mwongozaji hata kidogo. Skana haina kosa.

Ukipandisha antena juu ya paa, angalia kebo. Mita 10 za RG-58, kebo nyembamba ya redio, hula kama desibeli 2 za ishara kwenye 150 MHz. RG-6 ya televisheni hula chini ya nusu ya hapo, na tofauti ya omu 75 dhidi ya 50 haikuathiri kwenye kupokea. Ukianza kusikia muziki wa redio katikati ya bendi ya ndege, hiyo ni FM ya 88–108 inayolemea kipokezi. Weka kichujio cha kuzuia bendi hiyo kati ya kebo na skana.

Sikio_Pevu

Nimeshika BC125AT. Matatizo mawili: kompyuta haiioni kabisa, na skana inaganda kwenye chaneli moja yenye mtu anayesoma hali ya hewa bila kukoma.

Binti_Mawimbi

Kompyuta: karibu kila mara ni kebo. Kebo nyingi za USB ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Jaribu nyingine, na kama bado, sakinisha draiva ya Uniden kwanza ndipo uchomeke.

Hiyo inayoganda ni ATIS, taarifa ya uwanja inayorudiwa saa zote. Haitakoma. Ikisimama hapo bonyeza kitufe cha L/O: mara moja inarukwa kwa muda, mara mbili haraka inarukwa daima. Ukiitaka, iweke kwenye benki (kundi la chaneli) ya peke yake na uiwashe unapohitaji.

Skwelchi, yaani kidhibiti kinachonyamazisha mkwaruzo chaneli ikiwa tupu: zungusha hadi mkwaruzo ukatike, ongeza kidogo sana, acha hapo. Ukiibana mno skana itapita juu ya vituo dhaifu bila kusimama.

Na kabla hujachaji, fungua kifuniko cha betri. Kuna swichi ndogo ya kuchagua alkalaini au Ni-MH. Betri za alkalaini zikiwa ndani swichi ikiwa upande wa Ni-MH, USB itajaribu kuzichaji na zitavuja. Hakikisha swichi inalingana na betri ulizoweka.