Jibu: Kaka anakuja kutoka Dar, aniletee dawa ya kunguni?

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Nimehamia Kleinbasel, hapa mjini Basel, Uswisi, mwezi uliopita, na kunguni nimewakuta ndio wenyeji wangu. Mtoto mikono yote imevimba. Kaka anapanda ndege Jumamosi, na ameuziwa dawa kwenye chupa isiyo na lebo, muuzaji anaapa ni "ile ile DDT ya zamani". Mama naye ananishikilia: enzi zao nyumba ikipigwa dawa mara moja, watu walilala miezi bila kujikuna. Aibebe?

Mama Wawili

---

Marahaba, Mama Wawili. Asibebe. Dawa ya wadudu haipandi ndege kwenye sanduku, DDT hapa ni marufuku, na chupa isiyo na lebo hata muuzaji mwenyewe hajui ina nini.

Ila mama hakudanganya, na kinachonichekesha ni kwamba dawa yake, hiyo DDT, ilitoka mjini kwako. Kampuni ya kemikali ya Geigy ilikuwa na kiwanda chake Rosental, hapo karibu na Badischer Bahnhof, stesheni ya treni unapopandia tramu. Mkemia wao Paul Müller alizaliwa Olten mwaka 1899, akaacha shule akafanye kazi maabara, kisha akarudi darasani hadi akapata udaktari wa kemia Chuo Kikuu cha Basel mwaka 1925. Mwaka huohuo akaingia Geigy. Alianza na rangi na dawa za kutengenezea ngozi za wanyama. Mambo ya wadudu yalikuja baadaye.

Dawa yenyewe hakuibuni yeye. Mkemia mwingine, Othmar Zeidler, alikuwa ameitengeneza tangu 1874, ikakaa tu, hakuna aliyejua inaua nini. Müller alikuwa na kisanduku cha kioo chenye nzi ndani, ananyunyizia dawa moja baada ya nyingine, miaka inakwenda. Mwaka 1939 akafika kwenye hii. Nzi wakaanguka. Akakiosha kisanduku, akaweka nzi wapya bila kunyunyizia kitu, nao wakafa kwa kugusa kuta tu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame, dada. Kwake zile kuta zilikuwa furaha. Katika sifa alizokuwa akizitafuta kwenye dawa, mojawapo ilikuwa idumu muda mrefu, pamoja na kuwa rahisi bei na isimdhuru binadamu. Majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944 homa ya chawa ilizuka Napoli, Italia, watu wakapuliziwa unga ndani ya nguo zao, na DDT ikawa sehemu ya kazi ile. Mwaka 1948 wakampa Nobeli ya tiba, na hakuwa hata daktari wa hospitali. Sifa hiyohiyo ya kudumu ndiyo iliyokuja kushtakiwa: inakaa kwenye udongo, inaingia kwenye mafuta ya samaki, ndege wanataga mayai yenye maganda membamba yanayopasuka. Marekani waliipiga marufuku 1972. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa mataifa kuhusu kemikali sugu, umeiachia mlango mmoja tu, kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa kama malaria. Müller alifariki 1965, hayo mengi hakuyaona.

Sasa wewe una mtoto anayetambaa na kulamba kuta za nyumba ya kupanga. Na kunguni nao si wajinga: mwaka 1947 huko Hawaii tayari walionekana ambao DDT haiwagusi.

Fanya hivi. Andikia Verwaltung, ofisi inayosimamia nyumba, leo, kwa maandishi, na picha uziambatishe. Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayemlipa Kammerjäger, fundi wa kuua wadudu, maana umewakuta. Wakikuzungusha, nenda Mieterverband, chama cha wapangaji. Nguo na mashuka fua kwa nyuzi 60. Godoro usilipeleke Keller, stoo ya chini ya jengo, utawagawia majirani. Na usisubiri zamu yako ya kufua kwenye mashine ya pamoja ya jengo. Mgongee jirani mwenye zamu ya leo, mwombe. Najua aibu. Mimi nilinyamaza wiki tatu, wakahamia kwenye sofa.

Mzee wa Riehen

---

Nichomekee kidogo. Bibi yangu Unguja alikuwa akitusimulia watu wa malaria walivyokuja na pampu, miaka ya hamsini mwishoni na sitini, vyombo vyote vinatolewa uani, kuta zinapigwa dawa. Malaria ilishuka kweli. Mradi ulipofungwa 1968 ikapanda tena. Kwa hiyo nami siitukani DDT. Lakini kwa kunguni wa Kleinbasel, namuunga mkono Mzee.

Mpemba wa Bern

---

Ahsanteni sana. Verwaltung wamejibu, mtu anakuja Alhamisi. Jirani wa juu kanipa zamu yake, kumbe na yeye anajikuna. Kaka nimemwambia chupa airudishe dukani, nafasi hiyo ajaze majani ya chai.

Mama Wawili