Wana wa Chumbageni 🌴

*IJUMAA*

20:14 Da Zuhura Leicester: Asalaam aleikum wana ukoo. Leo naomba msisome mkakaa kimya kama kawaida yenu. Lile jambo la mimi na Kassim kustaafu tuliliongea Idi ya mwaka jana mkacheka mkaenda zenu kula biriani, sasa nataka majibu. Tunataka pwani, pahala pa bei ya chini, tusije tukafa na baridi huku. Orodha yangu ni Tanga, Mtwapa, Mersin kule Uturuki, na Ureno upande wa Setúbal au Figueira da Foz. Kila mtu aseme lake kabla ya Jumapili saa mbili usiku saa za huko

20:15 Da Zuhura Leicester: Na sitaki emoji

20:31 Hemedi Muscat: 👍

20:31 Hemedi Muscat: 😂😂 kidole kimeteleza

20:33 Da Zuhura Leicester: Hemedi.

20:40 Hemedi Muscat: Haya dada niko siriazi sasa, mbona umeisahau Salalah huku Oman? Juni mpaka Septemba ni kharifu, manyunyu tu, milima yote kijani, madafu na ndizi zinauzwa pembeni mwa barabara utadhani uko Muheza ila lami haina mashimo

20:41 Da Zuhura Leicester: Na iqama, hicho kibali cha kuishi, anipe nani? Wewe mwenyewe kafili wako, yaani mdhamini wako, akikohoa tu unafunga mabegi

20:42 Hemedi Muscat: Hiyo imenipata

20:58 Idrisa wa Rukia: Shikamoo mama mkubwa, shikamooni wakubwa wote. Mi naona kabla ya bahari tuanze na hesabu maana ndio itaamua. Pensheni ya serikali ya Uingereza kamili mwaka 2025 ilikuwa pauni 230 na senti kwa wiki, na kuipata kamili lazima uwe na miaka 35 ya michango. Wewe ulianza lini kuchangia?

21:02 Da Zuhura Leicester: Marahaba. 1996, kwenye nyumba ya wazee, nawageuza kitandani usiku kucha na mgongo nimeuacha hukohuko. Yangu nitaanza kupokea nikifika 67, yaani 2028

21:10 Idrisa wa Rukia: Basi utakuwa na 32. 230 gawa kwa 35 zidisha 32 unapata kama 210 kwa wiki, tuseme 910 kwa mwezi. Sasa shida iko hapa. Ukihamia Tanzania au Kenya hiyo 210 inaganda palepale, wenzio waliobaki inapanda kila Aprili ila yako haisogei hata uishi miaka mia. Mtu aliyehamia nchi za namna hiyo 2012 na pensheni ya msingi ya zamani ya pauni 107 mwaka 2025 bado alikuwa anapokea 107, mwenzie aliyebaki Uingereza alikuwa anapokea 176. Ukienda Ureno, Uturuki, Hispania au Morisi inapanda kama kawaida sababu wana makubaliano nao

21:11 Hemedi Muscat: Pensheni iliyogandishwa kama kuku wa Brazil 😂😂😂

21:12 Saidi Ngamiani: 😂😂😂😂

21:12 Mwanaidi Mombasa: 😂😂 Hemedi watuua

21:15 Da Zuhura Leicester: Miaka yote hiyo nimekatwa kwenye mshahara wanagandisha vipi? Ile si pesa yangu?

21:17 Idrisa wa Rukia: Ndio sheria yao mama mkubwa, watu wanaipigia kelele miaka na miaka. Na NHS, yale matibabu ya serikali, nayo ni ya wanaoishi huko, ukihama umeiacha

21:26 Mwanaidi Mombasa: Sasa mbona mwajisumbua, njooni kwetu. Kuanzia Mtwapa mpaka Kikambala wazee wa kizungu wamejaa tele, Watamu na Malindi Waitaliano mpaka pizza zao wapika wenyewe. Ardhi mgeni hapewi moja kwa moja ila akodishwa miaka 99, kwani Da Zuhura wataka kuishi mingapi zaidi?

21:29 Hemedi Muscat: Shemeji Kassim na Mtwapa 🤔 mji usiolala. Tukae kikao kwanza

21:35 Shem Kassim: Mimi saa tatu nimelala

21:36 Hemedi Muscat: Ndio maana nasema utazidiwa

21:41 Idrisa wa Rukia: Kenya kibali cha mkaazi asiyefanya kazi ni kundi K, wanataka uonyeshe kipato cha dola 24,000 kwa mwaka. Peke yako hufiki mama mkubwa, labda ujumlishe na ya ba mkubwa

21:48 Shem Kassim: Mimi chaguo langu Mersin. Adhana unaisikia, nyama huulizi, samaki wapo

21:50 Idrisa wa Rukia: Ba mkubwa ukitaka ukaazi wa Uturuki kwa kununua nyumba ni kuanzia dola 200,000

21:51 Da Zuhura Leicester: Kwa laki mbili za dola nanunua Chumbageni yote na Hemedi juu

21:55 Idrisa wa Rukia: Kwa hesabu tu Ureno ndio inakaa vizuri. Ile viza yao ya D7, ya wenye kipato kama pensheni, mwaka 2025 walikuwa wanaangalia kipato cha euro 870 kwa mwezi na nusu yake juu kwa mwenza, mtapita. Halafu mkishakuwa wapokea pensheni kuna fomu ya S1, matibabu mnatibiwa kama wenyeji na anayelipa ni Uingereza. Kwa sukari ya ba mkubwa hilo sio jambo dogo

22:01 Mwanaidi Mombasa: Subhanallah. Wareno tuliwatoa Fort Jesus 1698 leo wenyewe mwawafuata kwao na mabegi 😂

22:02 Hemedi Muscat: Tuliwatoa SISI. Waomani. Nyie mlikuwa mnauza maembe nje ya ngome

22:03 Mwanaidi Mombasa: Wewe Muomani tangu lini, wa Barabara ya Kumi na Nane

22:04 Saidi Ngamiani: 😂😂😂😂😂

22:09 Da Zuhura Leicester: Mmeshaanza. Watu 23 humu walioongea watano, wengine blue tick tu. Rukia? Fatuma? Mzee Bakari? SHABANI?

22:20 Saidi Ngamiani: Lakini Da Zuhura, si una kile kiwanja cha Mwahako? Jenga pale yaishe

22:21 Rukia: Saidi

22:21 Rukia: Futa

22:22 Saidi Ngamiani: Kwani nimesema nini

22:30 Da Zuhura Leicester: Acha isifutwe. Nilikuwa na kiwanja. 1999 nimetuma pauni mia sita, nilikuwa nafanya zamu mbili na nalala kwenye chumba na Wafilipino watatu, nikaambiwa mawe ya mpaka yameshawekwa, nikatumiwa na picha, kwenye picha kuna mbuzi amesimama, mpaka leo yule mbuzi namkumbuka. 2006 nakuja na watoto nakuta nyumba ya mtu ina mpaka antena. Hamna aliyenieleza mpaka leo, kila nikiuliza naambiwa dada tuyaache. Haya nimeyaacha. Ila msiniambie JENGA PALE

22:34 Kaka Shabani: *Ujumbe huu umefutwa*

22:35 Da Zuhura Leicester: Unafuta nini? Andika

22:52 Hemedi Muscat: Jamani Simba kashinda?

22:53 Rukia: Hemedi kwa heshima zote nyamaza

*JUMAMOSI*

06:47 Simu ya Bibi (Saumu): Shikamooni. Bibi jana nilimsomea yote. Kasema anaongea niandike vilevile nisipunguze neno

06:58 Simu ya Bibi (Saumu): Zuhura mwanangu. La kiwanja nililisema siku ile barazani mbele ya marehemu Mzee Kombo na silirudii, aliyesahau shauri yake. Mwataja miji kama mwachagua doti za kanga. Mimi Mfungo Mosi nilianguka chooni usiku, mvua yanyesha, umeme hakuna, nimelala pale chini nasikia maji yapita chini ya mlango. Aliyenibeba ni mke wa Shabani, na mgongo wake ule. Akaniosha, akanibadilisha, asubuhi akaenda sokoni na wala hakumwambia mtu. Nyinyi mwanitumia pesa na Mungu awalipe, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kuniuliza kuzeeka hapa kukoje. Sasa nawaambia bila kuulizwa. Kama mwaja huku msije Desemba, Desemba kila mtu aipenda Tanga. Njoo mwezi wa nne ukae mpaka masika yaishe, uone njia ikijaa maji, uone hizo sindano za Kassim mtaziweka wapi umeme ukikatika siku mbili. Na kama mwaenda Ureno nendeni, mimi sikuzuieni, ila niambieni huko jina la atakayewabeba

06:59 Simu ya Bibi (Saumu): Kasema kamaliza. Anakunywa chai

09:40 Rukia: Sikujua kama alianguka 😢

09:41 Mwanaidi Mombasa: Wala mimi

11:15 Mzee Bakari: Aleikum salaam. Ijumaa karim

12:03 Da Zuhura Leicester: Nimesikia mama mdogo. Shikamoo. Nimesoma nikiwa kazini nikaingia chooni nikalia kidogo nikarudi kumlisha mtu

12:05 Da Zuhura Leicester: Haya. Mwezi wa nne mwakani mpaka wa sita. Pasi yangu ya huku nalipa viza dola 50 napewa siku 90, nchi iliyozikwa kitovu changu naingia kama mtalii nimebeba na kofia. Idrisa zile habari za hadhi maalum zimefikia wapi

12:30 Idrisa wa Rukia: Bunge lilipitisha 2025, kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Maana Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa inakuhesabu mgeni kabisa, mgeni hapati ardhi isipokuwa ya uwekezaji. Nakushauri usinunue chochote mpaka uwe na karatasi mkononi, na kiandikwe jina LAKO

12:31 Idrisa wa Rukia: Samahani Anko Shabani sikumaanisha

12:33 Hemedi Muscat: Umemaanisha kidogo 😂

12:50 Da Zuhura Leicester: Sasa kwa hiyo miezi mitatu nataka nyumba ya kupanga, sifikii kwa mtu. Saidi ulisema kuna nyumba Sahare karibu na maji. Nani anakwenda kuniangalilia leo? Ni leo sio keshokutwa

13:44 Saidi Ngamiani: Mi niko njiani Handeni dada

14:10 Rukia: Mimi mguu

14:12 Da Zuhura Leicester: Naweka kura. Tanga masika kwanza halafu tuamue / Ureno moja kwa moja / Mersin

14:13 *Kura: Tanga kwanza 2, Ureno 1, Mersin 1*

14:20 Da Zuhura Leicester: Kura nne. Kassim umepigia Mersin wakati umekaa hapa pembeni yangu

14:21 Shem Kassim: Ni siri ya kura

*JUMAPILI*

10:26 Kaka Shabani: 📷 Picha

10:26 Kaka Shabani: 📷 Picha

10:27 Kaka Shabani: 📷 Picha

10:34 Kaka Shabani: Nimekwenda Sahare tangu saa moja. Vyumba vitatu, bahari unaiona ukisimama juu ya ndoo. Ukuta wa nyuma plasta inamomonyoka, nimekwangua na ufunguo ikamwagika chini kama unga, walijengea mchanga wa baharini wale, usiniambie. Nondo za madirisha zimeliwa na chumvi, moja nimeishika ikabaki mkononi nikairudisha polepole. Bati zima, sinki la jikoni zima. Mwenye nyumba anataka laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele

10:36 Hemedi Muscat: Nondo imebaki mkononi 😂😂 kimbia kaka

10:41 Da Zuhura Leicester: Miezi sita ya nini mimi nakaa mitatu

10:42 Da Zuhura Leicester: Mwambie laki mbili na nusu na tatu mbele. Friji ya insulini itakaa wapi, kuna soketi inayofanya kazi? Ulijaribu?

10:43 Da Zuhura Leicester: Na maji?

13:05 Fatuma Dar: Samahanini nilikuwa sina bando tangu Alhamisi. Nani anastaafu?

16:48 Kaka Shabani: Soketi moja. Maji ya kisima, yana chumvi. Ya kunywa mtaona mkifika

16:49 Da Zuhura Leicester: Tutaona nini Shabani